Boksi Kutoka Kreta

Mnada wa Karatu ulikuwa umefurika siku Obed alipokanyaga fungu la mnavu kwa buti lake.

“We kaka! Macho umeyaacha wapi?”

Akageuka. Msichana wa Ganako, kitenge cha kijani, sweta la bluu, jicho kali. Obed, dereva wa watalii, kijana wa Machame mwenye shati la kaki na miwani ya jua kichwani, akainama akaliokota lile fungu.

“Samahani, dada. Nalinunua.”

“Linunue na ulile! Kijana mzima una kitambi cha mbunge. Chipsi na soda hizo.”

Huyo ndiye Lukresia. Wiki haikuisha, wakawa wanapigiana simu mpaka vocha zinakatika.

“Umekula nini leo, mpenzi?”

“Chipsi mayai.”

“Utakufa, Obed, uniache mjane kabla hujanioa!”

Lakini nyuma ya utani ule kulikuwa na hofu. Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2006, mvua za vuli zimekataa, mahindi yamekaukia shambani. Usiku mmoja Lukresia alimwambia kwenye simu, “Mvua zinatukimbia. Hata wazee hawazielewi tena. Tukizaa mtoto, atakula nini?”

“Acha woga, mama. Mimi nipo.”

Basi ili aonekane yupo, akaanza kumletea boksi. Kila akipanda kutoka kreta, lile bonde la wanyama anakoshusha watalii, huja na boksi la karatasi: paja la kuku, yai, kipande cha keki. Hoteli huwafungia wageni maboksi hayo wakale mchana huko chini. Wasichomaliza, madereva hukusanya. Obed alikuwa akichagua vinavyopendeza, anapanga upya, anafunga vizuri.

“Nimekununulia,” alisema. Naye Lukresia akapeleka kwa mama yake, mbio mbio, kwa fahari.

Uongo una miguu mifupi. Siku moja dereva mwenzake, Wilibrodi, akipita mnadani na Obed, alimwona Lukresia kwenye meza yake ya mboga akapaza sauti, “Shemeji, leo usisubiri! Wageni wa Obed wamekula mpaka mifupa, hawakubakiza hata boksi moja!”

Wauza nyanya wakaangua kicheko. Lukresia akamtazama Obed. Obed akatazama buti zake.

“Makombo?” aliuliza polepole. “Umemlisha mama yangu makombo, ukasema umenunua?”

Jamani, aibu! Obed alitamani ardhi ipasuke immeze. Alipoinua uso, Lukresia alishaondoka, mboga kaziacha mezani.

Alipiga simu, ikakatwa. Akapiga tena, imezimwa. Hata chipsi alizoagiza akazisukuma kando.

Jumapili akaenda Ganako kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Aliwakuta Lukresia na mama yake, Katarina, wakinyweshea miche ya maboga kwa kopo. Akavua miwani.

“Mama, nimekuja kuomba msamaha. Yale maboksi...”

“Nilijua,” mama akamkatiza. “Tangu la kwanza. Paja lilikuwa na alama za meno.”

“Mama! Na ukala?” Lukresia aliuliza.

“Nikala. Ghala si tupu? Ningesema, angeacha kuleta. Na wewe je, mwanangu? Kila siku unasema hutaki nyama, eti mboga ndiyo afya. Unadhani sikujua unaniachia?”

Lukresia akainama. Obed hakujua auweke wapi uso wake. Kumbe alichoita zawadi, watu walikuwa wanakinyamazia kwa njaa.

Lukresia akaingia ndani, akatoka na bakuli: ugali wa mtama na mnavu, vya jana, vimepoa.

“Kiporo hiki. Kula.”

Akachuchumaa, akala. Akamaliza bakuli lote.

“Lukresia, nataka kukuoa. Mvua sina uwezo nayo. Ila sitakudanganya tena.”

“Bado naogopa.”

“Hata mimi naogopa,” alisema, na hilo hakuwahi kulikiri kwa mtu.

Lukresia akachukua bakuli.

“Kesho njoo na madumu ya maji, haya maboga yanakufa. Ukija na boksi, nakufungulia mbwa.”

Mama Katarina alicheka. Obed alijaribu kucheka naye, machozi yakamtangulia.