Bidoni Isiyotiwa Dawa

Jioni ile nilikuwa nimebakiza bidoni tatu tu, nifunge ndoo ya dawa, nirudi kumpikia mwanangu Divine. Ilikuwa 2012. Watu walikuwa wengi kambini Nakivale kuliko mabomba, wakateka maji ziwani moja kwa moja. Kazi yangu ilikuwa kusimama ukingoni na sindano isiyo na ncha, na kila bidoni ya lita ishirini inayotoka naitilia klorini. Hakuna kupita bila dawa.

Kazi ya jua na matope! Georgette yeye alipewa kisanduku.

Tulikimbia vita Uvira, Kongo, kwa lori moja, mimi na Georgette. Tukaomba kazi siku moja. Msimamizi wetu, Benon, akakuna kichwa akasema, "Mutu moja tu ndio naenda Mbarara kusoma. Georgette naandika muzuri." Basi! Akarudi na kitenge kipya na kisanduku cha buluu, akawa anapita nyumba kwa nyumba kupima maji. Anatia kidonge kwenye kichupa. Maji yakigeuka rozi, rangi ya waridi kama kucha za bibi harusi, dawa imo, mnywe. Yakibaki meupe, aliyesimama ziwani anaulizwa. Yaani mimi. Watu wakimwita "daktari wa maji" natema mate. Roho iliniuma, sitaficha.

Jua likazama. Wa mwisho kwenye foleni wakaondoka.

Halafu viboko wakanyamaza. Wote... kwa pamoja.

Harufu ya klorini ikapotea mikononi mwangu. Nikasikia harufu ya tope, lile la chini kabisa ya ziwa. Nilipoinua macho, mwanamke alikuwa amesimama mbele yangu na bidoni nyeusi. Kitenge chake kilichuruza maji, lakini mchanga miguuni pake ulikuwa mkavu.

"Usinitilie dawa yako," akanong'ona.

"Mama, bila dawa haupite."

"Najua chenye kinakuuma. Ni kale kasanduku."

Mungu wangu! Sikuwa nimemwambia mtu.

"Mwenye kupima maji akiugua tumbo mu nyumba yake, nani atamuamini tena? Acha hii moja tu... Niipeleke kwa nani?"

Sindano ilikuwa imejaa, mkononi. Sikusema neno. Naapa.

Niliangalia tu paa la Georgette.

Akaenda. Nyuma yangu viboko wakaanza tena kukoroma. Nilifunga ndoo, nikaibeba, nikapita sokoni kununua ndagala, dagaa wa kumpikia Divine. Nilikuwa na furaha. Nilishajiona na kisanduku begani.

Georgette alinikuta njiani, anahema.

"Mama Divine! Kuko mama moja alinileteaka bidoni nyeusi. Nilipima. Haikugeuka rozi."

Nikangoja aseme amenishtaki.

"Niliandika kama iligeuka. Benon akijua atakufukuza, na weye uko na mutoto. Ulichoka tu, ndugu yangu."

Nikauliza, "Na bidoni? Uliimwanga chini?"

"Nilitaka kumwanga. Akaninyang'anya. Alisema anaipeleka kwa mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Alisema ni weye."

Nilikimbia. Ndagala zilimwagika zote njiani. Divine, miaka sita, alikuwa ameketi mlangoni na kikombe, anafuta mdomo. Bidoni nyeusi ilikuwa ndani, imejaa mpaka shingoni.

"Mama, ni matamu," akasema.

Georgette, aliyenifuata mbio, akafungua kisanduku. Akatia kidonge. Meupe. Nikamimina ndani ya bidoni dawa yote iliyobaki ndooni. Tukangoja nusu saa. Kidonge kingine.

Meupe.

Tukaimwaga nyuma ya nyumba. Kabla ya mapambazuko Divine alikuwa anaharisha maji matupu, macho yameingia ndani. Gari likatupeleka mpaka hospitali ya Ruharo, Mbarara. Siku nne za dripu. Nilimwomba Mungu anichukue mimi. Daktari alisema ni maji machafu ya ziwa, basi. Labda ni kweli. Yule mwanamke hakuna aliyemjua, si Nakivale, si Kabingo ya jirani.

Georgette alilala nami chini kwenye mkeka siku zote nne. Kila usiku nilisema kesho nitamwambia. Siku ya tatu wauguzi wakamsifu, kwamba ile chumvi na sukari aliyomkorogea mtoto njiani ndiyo iliyomwokoa. Na hata pale, mwanangu akiwa amelala na sindano mkononi, wivu ulinichoma. Sikumwambia.

Tulirudi Nakivale Jumamosi, Divine amepona, anacheka. Jioni nikataka kumtilia matone ya dawa kwenye kikombe chake cha maji.

Akakifunika kwa kiganja.

"Usinitilie dawa yako," akanong'ona.

Maneno yale sikuwahi kumsimulia mtu yeyote. Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi, na ulinuka tope.

"Divine?"

Aligeuka polepole, akaangalia paa la Georgette. Akaangalia tu.

Kule ziwani, viboko wakanyamaza.