Mama Gitae na Kabichi Zilizotiwa Chumvi Mara Mbili

Kule mtaani kwao, juu ya kilima mjini Incheon, Korea Kusini, kimchi ya majira ya baridi, ile kabichi ya kuchachushwa kwa chumvi na pilipili, haitengenezwi na mtu mmoja. Wanawake hukusanyika. Mwaka huo walikutana uani kwa Mama Yuna, balozi wa mtaa.

Kabichi zilikuwa zimelala ndani ya maji ya chumvi usiku kucha. Zilishaoshwa na kupangwa zichuje maji. Kilichobaki ni kuzipaka pilipili na vitunguu saumu.

Mama Gitae alifika wa kwanza. Alikuwa mjane wa miaka sabini na moja, mtu asiyejua kukaa bure. Aliona kabichi, akapapasa, akakuta bakuli la chumvi. Akapiga magoti, akaanza kuzipaka chumvi, jani kwa jani.

Mama Yuna alipotoka jikoni alikuta karibu nusu zimekwisha.

"Mama yangu! Dada, unafanya nini?"

"Si natia chumvi."

"Zimeshatiwa jana! Huoni zilivyolegea?"

Wanawake waliokuwa wakiingia walionja, wakatema. "Tutakunywa bahari nzima mwaka huu!" mmoja akasema, na wote wakaangua kicheko. Mama Gitae naye alicheka, huku akijipangusa mikono. Mama Yuna akaiona. Vidole vilikuwa na makovu ya kisu, mengine mabichi. Mama Gitae alikuwa akimenya vitunguu saumu vya mfanyabiashara wa sokoni. Ndiyo kazi iliyokuwa ikimlisha.

Mama Yuna akamvuta jikoni, akamkalisha.

"Dada, niambie ukweli. Unaona?"

"Naona ukungu," Mama Gitae akajibu polepole. "Daktari alisema ni mtoto wa jicho. Nipasuliwe. Bima ninayo, lakini ile sehemu anayolipa mgonjwa mwenyewe inanishinda. Na nikichelewa sana, sitaona kabisa."

"Kwa nini huombi msaada wa matibabu wa serikali? Upo kwa ajili ya watu wa kipato cha chini."

"Mimi nina mtoto wa kiume."

"Kwa hiyo?"

"Mwenye mtoto hapewi. Marehemu Bibi Ok wa kule chini si alinyimwa? Aliambiwa mtoto wake amtunze. Gitae wangu mwenyewe anabeba vifurushi kwa pikipiki, ana watoto wawili. Nikamtie aibu?" Akasogea, akanong'ona. "Nilikuwa nafikiria... je, nikisema sina mtoto?"

Mama Yuna aliangua kicheko mpaka akashika mbavu.

"Wee! Mtaa mzima unakuita Mama Gitae, halafu ukaseme huna mtoto! Na serikali inaye kwenye kumbukumbu zake tangu azaliwe."

"Usinicheke, mwenzangu. Nimekwama."

"Haya, sicheki. Nisikilize. Zamani sheria ilikuwa kali, ni kweli. Sasa imelegezwa. Kwanza wanakuangalia wewe: unapata nini kwa mwezi, una nyumba, una akiba. Halafu wanamwangalia mtoto. Hawaulizi tu kama yupo. Wanauliza kama ana uwezo. Mtoto mwenye pesa nyingi au mali kubwa ndiye anayeweza kukuzuilia. Anayejikokota kama wewe hakuzuilii."

Kumbe miaka yote hiyo Mama Gitae alikuwa amejinyima mwenyewe, wala hakuna ofisi iliyomnyima.

"Na usifiche kitu," Mama Yuna akaongeza. "Hata hako kaakiba ka mazishi, kataje. Kupima ni kazi yao, si yako. Ila kuna jambo moja. Gitae naye lazima akubali wamkague. Inabidi umpigie simu."

Hapo ndipo pagumu. Gitae alikuwa hajaja nyumbani tangu sikukuu ya mavuno ya mwaka juzi. Mama aliamini mtoto amemchoka. Hata hivyo alimpa Mama Yuna simu ampigie, maana namba hakuweza kuziona.

"Gitae, mwanangu. Nina shida. Lakini usihangaike, kama huwezi..."

Akaeleza yote. Upande wa pili akasikia mtu mzima analia.

"Mama, mimi nilidhani umenikasirikia. Nilikuwa naona haya kuja mikono mitupu. Macho yako yanaharibika na wewe unaniogopea mimi? Nitakubali chochote. Kesho nakuja."

Kesho yake alikuja kweli, akampeleka mama yake ofisi ya mtaa kwa pikipiki ya vifurushi. Mama Gitae alieleza kila kitu, hata akiba ya mazishi. Walikagua, wakauliza, wakaja nyumbani kutazama. Ilichukua wiki nyingi, na kila simu ilipolia moyo ulimruka. Mwisho jibu likaja: amekubaliwa. Mama Gitae alikaa chini pale pale mlangoni, akashusha pumzi ndefu. "Afadhali," akasema. "Afadhali jamani, afadhali."

Baridi ilipoanza kupungua, alipasuliwa jicho la kwanza. Alicholipa hospitali hakikumkosesha usingizi. Siku ya kufunguliwa bandeji Gitae alikuwa ameketi mbele yake.

Mama akamtazama. Akamtazama tena. Akanyoosha mkono, akamgusa kichwa.

"Mvi hizi zimeanza lini?"

"Zamani, Mama."

"Na mimi sikuziona." Machozi yakamtoka. Nesi akamkemea, kulia hakufai kwa jicho jipya, na wote watatu wakacheka.

Nyumbani walimkuta Mama Yuna amekwishaandaa meza: wali wa moto, supu, na sahani ya kimchi ile ile. Walikuwa wameichomekea vipande vya figili ili vinyonye chumvi, lakini wapi! Gitae alitafuna, akafumba macho, akatafuta maji.

"Kula, mwanangu," Mama Gitae akasema, huku akimwongezea wali. "Hiyo ndiyo chumvi iliyokurudisha nyumbani."