Sindano ya Pili ya Gundi

Fundi viatu alifanyia kazi barazani kwake. Mkewe alikuwa amefariki, na nyumbani walibaki wawili tu: yeye na binti yake wa miaka kumi. Siku walipochukua mtoto wa mbwa kwenye kituo cha kuokoa wanyama, nyumba ilichangamka. Mbwa yule alimganda fundi miguuni tangu siku ya kwanza, wakamwita Gundi.

Kituoni, daktari wa mifugo aliwapa kadi.

"Ana miezi miwili," alisema. "Amechomwa sindano ya kwanza. Mrudisheni baada ya wiki tatu kwa sindano ya pili. Mpaka amalize chanjo zote, asizurure mitaani."

Wiki tatu zikapita.

"Baba, tarehe ya Gundi imefika," binti alisema.

"Mwanangu, huoni viatu hivi? Wenyewe wameniganda kama kupe. Na huyu ana nini? Tazama anavyoruka! Tutakwenda wiki ijayo."

Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo nyingine. Gundi akazoea kwenda jalalani kucheza na mbwa wa mtaa.

Asubuhi moja hakugusa chakula. Akatapika.

"Amekula uchafu tu," fundi alisema, akampa maziwa. "Kesho atakuwa mzima."

Kesho yake Gundi alikuwa anaharisha damu. Hakuweza hata kusimama. Fundi alimfunika kwa aproni yake ya kazi, wakakimbia kituoni.

Daktari alipomwona tu, uso ulimbadilika.

"Ni parvo. Virusi hivi hushambulia matumbo. Hakuna dawa ya kuviua. Tutamwekea maji ya mshipani, tutatuliza kutapika, tusubiri. Mngemleta jana ingekuwa afadhali."

"Na ile sindano ya pili?" fundi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Fundi, sindano moja haitoshi. Kinga hujengwa hatua kwa hatua."

Gundi alikufa siku ya pili, mchana, kichwa chake kikiwa kiganjani mwa binti. Binti hakulia. Alimtazama baba yake.

"Nilikukumbusha," alisema.

Majuto ni mjukuu, na siku ile mjukuu huyo alimkalia fundi kifuani.

Walimzika uani. Kwa wiki nyingi binti alikula kimya, akalala kimya. Mwishowe fundi alirudi kituoni peke yake.

"Nataka mwingine," alimwambia daktari. "Nyumba imekuwa kubwa mno."

"Pole sana, fundi. Lakini usichukue mtoto wa mbwa. Virusi hivi hukaa sakafuni na udongoni miezi mingi, hata mwaka. Choma matandiko ya Gundi. Osha sakafu kwa sabuni, kisha imwagie maji yenye klorini. Iache dakika kumi ndipo usuuze. Udongo wa uani hausafishiki, kwa hiyo chukua mbwa aliyemaliza chanjo zote."

Fundi aliweka viatu kando siku mbili, akasugua mpaka magoti yakachubuka. Kisha wakachukua mbwa jike wa miezi minane. Binti alisoma kadi yake mstari kwa mstari kabla ya kumgusa.

"Na sindano ya kila mwaka, Baba?"

"Siku hiyo hiyo, mwanangu."

Siku ilipofika, fundi hakufungua kazi. Jirani yao kinyozi alisimama mlangoni pake, amepakata kitoto cha mbwa.

"Fundi, unaacha wateja kwa ajili ya mbwa?" alicheka. "Wangu huyu chuma! Hajui sindano."

"Hata Gundi alikuwa chuma," fundi alisema. "Nilichelewa wiki mbili. Mwanangu akamzika kwa mikono yake."

Kicheko kilimkauka kinyozi. Alikitazama kitoto kile.

"Basi kesho nitampeleka."

"Usiseme kesho, ndugu yangu. Mimi ndivyo nilivyosema."

Kinyozi akafunga mlango wake. Alipoinama kumweka mbwa chini atembee, binti alinyoosha mikono haraka.

"Asikanyage chini," alisema. "Nitambeba mimi mpaka kituoni."