Kirukia Kilichogusa Mchanga

"Shangazi, mti haulipi kodi." Ndivyo Gervas alivyonijibu, mbele ya watu, mdomo umejaa kisamvu. "Ungekuwa unalipa kodi ningeuita mpangaji, ningeusalimia kila asubuhi. Huo unamwaga majani tu, na mke wa Albano anafagia mpaka kiuno kinamuuma. Mie namsaidia shemeji yangu, nyie mnanisema."

Nikamwambia, we Gervas, mkorosho huo kaupanda baba yako. Mbegu kaitoa Newala, kaileta Chamazi mfukoni mwa koti. Akacheka. "Baba angekuwepo angeshaukata yeye, akajenga vyumba."

Usinitazame hivyo, Twaha. Lori lenu haliondoki mpaka lipakiwe, na wewe mwenyewe ndiye uliyeniuliza kwa nini pale kwa Albano hakuna hata mpapai. Kunywa chai yako nikwambie. Na nikwambie kama ilivyomkuta Eufrazia, maana yeye ndiye aliyebeba. Sie wengine tulikuwa watazamaji.

Siku hiyo ya ugomvi ilikuwa Jumapili, watu wametoka misa. Eufrazia, mke wa Albano, kakaa kibarazani anachambua mchele kwenye ungo. Mimba yake ilikuwa kubwa, ya kukaribia. Hakutia neno. Nyumba ni ya urithi, Gervas ndiye kaka mkubwa, na mwanamke aliyeolewa hausemei mti wa ukoo. Lakini mie nilimwona. Mkono wake uliacha ungo ukaenda kiunoni, ndani ya kanga, ukashika kitu.

Mimba zake zote za mwanzo zilidondoka. Hospitali walimtazama, wakampa dawa, wakamwambia apumzike, naye alifuata. Ila mtu aliyekwisha kuzika vitu visivyo na jina halali usingizi kwa neno la pumzika. Ndipo Hamida, jirani yao muuza vitumbua, akamwonyesha kwa kidole juu ya mkorosho.

"Unakiona kile?"

Kilikuwa kirukia. Kwenye tawi moja kulikuwa na kichaka kizima cha majani mazito yasiyo ya mkorosho, na maua mekundu membamba kama njiti za kiberiti. Kitu kile hakina mzizi ardhini. Ndege anakula tunda lake, anapangusa mdomo kwenye tawi, mbegu inanata kama ulimbo, halafu inajichimbia. Mti unakunywa maji, chenyewe kinaunywa mti. Kwetu kusini watu walikuwaga wanachemsha majani yake kwa presha, kwa tumbo la kukata, wengine wanamwogeshea mtoto mwenye homa. Lakini wanawake wakubwa walikuwa na kazi yao nyingine. Upepo unakitikisa, mvua inakipiga, kirukia hakianguki. Basi akifungwa nacho mwenye mimba ya kudondoka, na ya kwake haianguki.

"Ila kina masharti," Hamida akamnong'oneza. Hakikatwi kwa panga. Kinavunjwa kwa mkono, wanawake wawili wamekinga kanga chini, kisiguse ardhi. Kinachukuliwa kijiti kimoja, kingine chote kinabaki juu. Na siku ya uchungu, kabla mama hajatoka nyumbani, kijiti kinafunguliwa kiunoni kinarudishwa kwenye tawi lile lile. Kinaambiwa asante. Kinaambiwa achia.

"Kisipoambiwa?" Eufrazia akauliza.

"Kwa nini kisiambiwe? Mti si uko hapo? Una miguu?"

Wakacheka wote wawili. Kijiti kikafungwa kwenye kitambaa cheusi, kitambaa kikafungwa kiunoni, na mimba ikashika. Mwezi ukaingia, mwezi ukatoka. Ikashika.

Sasa, baada ya ule ugomvi, siku moja Eufrazia kaenda kliniki. Wamempima, wamemwambia mtoto mzima, kichwa kimeshageuka. Anarudi anatembea polepole, furaha imemjaa, akakata kona ya kwao akaona mwanga. Mwanga pasipo pake. Uwanja wote mweupe kwa jua, kama nyumba ya mtu mwingine.

Mkorosho ulikuwa umelala. Fundi wa msumeno alishaondoka, magogo yalishapakiwa kwenye kirikuu, vimebaki vitawi na unga wa mbao. Gervas kajiegemeza kwenye nguzo ya geti, anapangusa jasho.

"Karibu shemeji. Leo hufagii."

Eufrazia alikuwa anatazama katikati ya uwanja. Majani ya mkorosho yalishaanza kujikunja kwa jua, yamekuwa kama karatasi. Kirukia kilikuwa pale chini, kwenye mchanga mtupu. Kibichi. Asubuhi anaondoka maua yake yalikuwa yamefumba. Sasa yalikuwa yamefunguka yote.

Hamida aliitwa, akaja na mwiko wake mkononi, akagomea getini.

"Nani kakiacha kikalala chini?"

"Majani tu hayo, mama vitumbua," Gervas akasema. "Chemsha unywe, upungue mdomo."

Siku nyingine Hamida angemrudishia, maana kwa mdomo hawezwi. Siku hiyo alimvuta Eufrazia pembeni, akasema chini chini, "Kifungue. Sasa hivi."

Eufrazia akaingiza mkono kwenye kanga akatafuta fundo. Akazungusha vidole mbele, akazungusha nyuma. Hakuna fundo. Kitambaa kilikuwa kimezunguka kiuno kizima, mwanzo hakuna, mwisho hakuna, kama kilifumwa yeye akiwa ndani yake.

Albano alirudi kutoka kazini Mikocheni jua linazama, akamkuta mkewe kakaa kitandani hataki kulala. Akachukua mkasi akakata kitambaa. Kitambaa kikadondoka. Kijiti hakikudondoka. Akakishika kwa vidole viwili akakivuta kidogo tu, na Eufrazia akaushika mkono wake. Ule mvuto aliusikia ndani. Mtoto aligeuka.

Albano akasogeza taa. Kijiti kile kilikauka siku nyingi, kilikuwa kama ukuni. Sasa kilikuwa na jani. Changa. Limelowa.

Akatoka nje kwa hasira akakitie moto kile kirukia cha uwanjani. Hakukikuta. Pale kilipokuwa mchanga ulikuwa umechorwa, mistari myembamba mingi, kama mtu kaburuta fagio. Hakuna aliyefagia siku ile. Mistari ilikwenda mpaka chini ya dirisha la chumba chao, ikaishia hapo.

Kuanzia hapo Eufrazia akaanza kuogopa mchana. Usiku Albano yupo, wanaongea. Mchana nyumba inanyamaza, jua limesimama, na ndipo alipokuwa anakisikia. Sauti ndogo. Fyo. Halafu kimya. Fyo. Kama mtoto anayenyonya. Kila ikija, mtoto wa tumboni anatulia. Hachezi. Anangoja kiishe.

Akakonda. Nilimshika mikono, Twaha, kuanzia kiwiko kushuka ilikuwa ya baridi. Kucha zimekuwa kahawia, ngozi inachubuka kama gome. Nikamuuliza Hamida, huyu anaumwa nini. Hamida akanitazama. "Bibi, hujawahi kuona tawi lenye kirukia? Kuanzia kinapokaa mpaka nchani, tawi linakufa."

Uchungu ukamshika. Wakampeleka hospitali, wakampokea vizuri, sina la kuwasema. Ila uchungu unakuja, unapanda, ukifika pale pa mtoto kutoka unarudi nyuma. Unakuja, unarudi. Nesi mmoja, mama mtu mzima, alimfunua ili amsikilize mtoto, akakiona kijiti. Sasa kina majani kote. Akatania, "Mama, umekuja na bustani?" Akanyoosha mkono akiguse. Majani yakaufuata mkono. Taratibu, kama yanavyofuata jua. Nesi akarudisha shuka. Akaenda kunawa. Alinawa muda mrefu.

Daktari akasema kesho asubuhi watamfanyia upasuaji, ndugu waje kutoa damu. Gervas alikuja wa kwanza. Nataka ulijue hilo, Twaha. Yule kijana mdomo wake mchafu, roho yake si mbaya.

Saa ya kuona wagonjwa tukaingia. Hamida akatuvuta pembeni, akasema madaktari watamtoa mtoto, sawa, wanajua kazi yao. "Lakini kile kimeshika mama na mtoto wote. Hakiachii hewani. Hakijawahi kukaa hewani. Lazima kiwe na pengine pa kushika."

"Mti si umekatwa," Albano akasema. Alilia, mwanaume mzima.

Gervas alikuwa anatazama ile mikono ya shemeji yake juu ya shuka. Alipoona kucha, uso ukambadilika. Akavuta pumzi, halafu akafanya kile anachokifanyaga akiogopa. Akatania.

"Ishu ni tawi tu? Tawi si hili hapa." Akakunja mkono wa shati, akaunyoosha juu ya kitanda. "Mie ndiye niliyekata. Na mie mnene, kitakula mpaka kichoke."

Akacheka. Hatukucheka.

Eufrazia akamshika kifundo cha mkono. Sikujua bado ana nguvu zile. Akafumba macho, akasema polepole, na hakuwa anamwambia Gervas.

"Asante. Achia."

Mtoto wa kitanda cha tatu alikuwa analia, akanyamaza. Shuka ya Eufrazia ikainuka kidogo pale kiunoni, ikatembea, ikatulia. Gervas alikuwa bado anatabasamu. Tabasamu lilibaki mdomoni tu, machoni halikuwepo.

"Kumbe kina baridi," akasema.

Akashusha mkono wa shati, akafunga kifungo.

Magharibi ile ile mtoto akazaliwa, kisu hakikugusa mtu. Msichana, kalia vizuri, kila kitu chake kipo. Nesi akatafuta kijiti kitandani, chini ya kitanda, kwenye mashuka. Hakipo. Kiunoni kwa Eufrazia kulikuwa na kovu dogo la duara, limeshapona, kama la zamani.

Tukashukuru. Tukajua yameisha.

Gervas akaanza kuvaa mikono mirefu. Joto la Dar unalijua, yeye anavaa koti. Ukimuuliza anasema ana malaria. Jioni anasimama palepale getini, kaegemea nguzo ya chuma, na ndege wanakuja. Ndege wadogo wale, hawaimbi. Wanakaa kwenye waya, wanakaa ukutani, wote wamemgeukia yeye. Siku moja Eufrazia alimwona mmoja katua begani kwa Gervas. Akapangusa mdomo kwenye koti, upande huu, upande huu. Gervas hakumfukuza. Alisimama kimya kama kitu kilichopandwa.

Mtoto alipotimiza arobaini tukamtoa nje. Tukapika, watu wakaja. Gervas hakutaka kumshika, sie tukamlazimisha, tukamsema, baba mkubwa gani huyu. Akatoa kidole kimoja. Vidole vyake vilikuwa vimekauka, vya kahawia. Mtoto akakidaka kidole, si unajua watoto wanavyodaka.

Hakuachia.

Eufrazia ndiye aliyekuwa karibu. Aliona mkono wa koti unacheza. Kitu kikachungulia pale penye kifungo. Kijani. Kikasogea mpaka kwenye kiganja cha Gervas, kikasimama. Kikasogea tena. Kilikuwa kinaelekea kwa mtoto.

Gervas naye alikiona. Akatumia mkono wake wa pili, ule mzima, kufungua vidole vya mtoto, kimoja kimoja, kwa upole, kama anayefungua zawadi. Kumbe jasho linamtiririka. "Shemeji," akanong'ona, "mshike mwanao. Usinisogelee."

Akatoka. Pekupeku. Simu yake tangu siku hiyo haipatikani.

Albano akakata kila mti uliobaki, mpapai, mwembe mchanga, mpaka maua ya Eufrazia ya kwenye makopo, ndege wasipate pa kutua. Lakini nenda kaitazame ile nguzo ya geti, pale palipokuwa bega la Gervas. Kuna mbegu zimenata kwenye chuma. Albano anazikwangua kwa kisu, anapaka rangi. Zinarudi, zimechipua. Kwenye chuma, Twaha. Maji hakuna, gome hakuna. Vijani viwili viwili, vyote vimeelekea dirisha la chumba anacholala mtoto.

Watu wanaotoka kusini wanasema kuna mtu pale stendi ya Masasi anavaa koti juani, hakai na watu. Nyie mnapita huko. Mtafute, mwanangu, umpe maneno yangu. Mwambie mie na yeye hatuna ugomvi tena, tumeyamaliza. Mwambie mtoto anatembea, na kapewa jina lake, anaitwa Gervasia. Mwambie arudi nyumbani, tutamuuguza.

Ila mwambie akifika asiingie. Asimame barabarani aite, atungoje kwanza tumpeleke mtoto mbali naye.