Kona Iliyochanwa ya Ransom Gaddis

Majira ya joto, kazi ya asubuhi kwao Greenwood ilikuwa moja: kumenya kunde barazani kabla jua halijawa kali. Bibi Ozella alimenya bila kutazama. Mjukuu wake Keturah, mwenye miaka kumi na miwili, alikodolea macho kila ganda na bado bakuli lake halikujaa.

"Mikono iko hapa, akili iko maktaba," bibi alimtania.

Ilikuwa kweli. Jumamosi ukoo mzima wa Gaddis ungekutana, wa Memphis na wa Chicago, wote katika fulana za rangi moja. Safari hii fulana zingebeba saini ya Ransom Gaddis, babu yake Bibi Ozella, ambaye hakuacha hata picha. Keturah ndiye aliyeipata saini hiyo, kwenye kompyuta ya maktaba, katika kadi za zamani za vijana walioandikishwa kwa ajili ya jeshi mwaka 1917.

Alikuta kadi mbili zenye jina hilo. Moja ilikuwa na saini ya kupendeza, herufi zina mikia kama maua. Nyingine ilichanika kona ya chini, na mahali pa saini palikuwa na alama ya X tu, ya mtu asiyejua kuandika. "Hii imeliwa na panya," Keturah alisema, akaiacha. Bibi alipoiona ile nzuri alitokwa na machozi. "Kumbe babu aliandika! Na watu walivyotucheka kuwa hakujua hata kalamu!"

Kunde zilipokwisha, Keturah alirudi maktaba na binamu yake Tavaris, kutafuta wazee wa upande wa baba yake Tavaris. Wa kwanza, kadi yake haina kona. Wa pili, vilevile. Wa tatu, kona ileile.

"Panya gani hawa wanapenda upande mmoja tu?" Tavaris alicheka.

Keturah hakucheka. Alifungua tena kadi yenye saini nzuri, akakuza maandishi madogo ya konani: *Ikiwa mtu huyu ana asili ya Afrika, chana kona hii.*

Kona ya Ransom mwenye saini ilikuwa nzima. Alikuwa Mzungu, na ukoo wao wote ni Weusi.

"Nyamaza," Tavaris alinong'ona. "Mjomba Cleotis anapeleka saini kwa wachapaji saa hizi. Nani atajua?"

"Halafu yule wa X atavaliwa na nani?" Keturah aliuliza, akachapisha kadi iliyochanwa, akatimua mbio hadi nyumbani.

Mjomba alikuwa amekwishawasha gari.

"Mjomba, zima!"

"Wewe mtoto, umeona jini?"

Keturah alimgeukia bibi yake. "Bibi, nimekosea. Yule si wetu. Nilichukua niliyempenda, sikuchunguza." Akamweleza habari ya kona.

Bibi Ozella alipapasa mfuko wa gauni. Kisha akavaa miwani. "Haya, nipe huyo wa panya."

Alisoma polepole. Kazi: mkulima, shamba la kukodi. Wanaomtegemea: mama, na wadogo zake watatu. Chini ilikuwepo ile X, mstari mmoja umekwenda kombo. Bibi aliufuata kwa kidole.

"Umehuzunika, Bibi?"

"Kidogo. Ile saini ilikuwa tamu." Alipangusa miwani. "Lakini tazama. Wamemchania kona, wamemwekea kalamu asiyoijua. Alipoulizwa nani anamtegemea, hakumsahau hata mmoja. Mmoja wa hao wadogo ndiye aliyenilea mimi."

Mjomba alikohoa. "Sasa niwaambie wachape nini, Mama?"

"X. Kama alivyoiweka, kombo vilevile."

Jumamosi wageni waliuliza maana ya alama ile vifuani mwao, na Keturah alisimulia hadi sauti ikamkauka. Hakuificha sehemu ya kosa lake. Alipomaliza, Bibi Ozella alimvuta kando yake.

"Babu hachaguliwi kama kiatu dukani, mwanangu," alisema. "Jambo likikufurahisha mno, ndilo la kukagua mara mbili. Na ukishajua ukweli, useme mapema, hata kama gari limewashwa. Leo babu yangu yuko nyumbani kwa sababu ulisema."