Fulana ya Mjukuu Wangu Ilikuwa na Maji, Siyo Jasho

"Bibi... umeniua!"

Hayo ndiyo maneno aliyoniambia mjukuu wangu mbele ya kocha, timu nzima imejazana mlangoni, machozi yanamtiririka.

Na jamani, nisiwadanganye... kweli nilikuwa nimemuua. Tena kwa mdomo wangu mwenyewe!

Zilibaki siku tatu tu kufika mechi ambayo wateuzi wa chuo cha michezo walikuwa wanakuja kumtazama. Yeye, si mwingine. Na mimi, bibi yake mzaa mama, nikaingia ofisini kwa kocha, nikaibwaga fulana mezani, nikasema:

"Kocha, huyu asicheze Jumamosi."

Sasa kabla hamjaanza kunitukana huko kwenye maoni, vuteni viti niwaeleze.

Mimi ni dobi wa timu ya mpira ya wasichana. Huu mwaka wa tisa nawafulia. Shule niliishia darasa la tano, lakini kwenye jasho nina shahada! Nifumbe macho, nipe fulana, nitakwambia ni ya nani na kama ana mchumba.

Mjukuu wangu wanamwita Mshale, maana akishika mpira pembeni, mabeki wanabaki kuulizana njia. Ana miaka kumi na saba. Namlea mimi, mama yake anafanya kazi mbali.

Sasa kila Jumanne na Alhamisi hawaendi uwanjani. Wanaingia chumba cha mazoezi ya nguvu na mwalimu wa viungo, dada mmoja mfupi, sauti kama king'ora. Wanachuchumaa na chuma mabegani. Wanapanda na kushuka boksi kwa mguu mmoja. Halafu ndio linakuja lile wanalolichukia wote...

Unapiga magoti kwenye mkeka. Mwenzako anakushika visigino. Unashuka kifudifudi polepole kama geti zito, bila kuvunjika kiunoni. Kesho yake mapaja yanauma kwa nyuma mpaka kukaa chooni ni mtihani!

Nikamuuliza mwalimu siku moja:

"Mwanangu, watoto wa watu unawaadhibu kwa kosa gani?"

"Bibi, msuli wa nyuma ya paja ndio breki ya mkimbiaji. Mshale mbio zake za pikipiki, breki bado za baiskeli. Asipouimarisha, utachanika siku moja akiwa kasi."

Nikaelewa. Hata mimi wa darasa la tano!

Wakimaliza, kila mtu anaweka alama ya vema mbele ya jina lake kwenye karatasi ukutani, anatupa nguo zake kwenye kikapu changu.

Ndipo nikaanza kuona mambo...

Fulana ya Mshale imelowa kifuani chapachapa. Mgongoni kukavu! Jasho gani hilo linachagua upande? Nikanusa. Hakuna chumvi. Inanuka maji ya bomba! Nikageuza suruali yake. Za wenzake zote magotini zina vumbi la buluu la ule mkeka. Yake safi kama ya bwana harusi.

Nikajisemea, labda leo tu. Wiki ya pili, vilevile. Wiki ya tatu, vilevile!

Nyumbani nikamvaa.

"Mke mwenzangu, mazoezi vipi?"

"Bibi we acha tu, nimekufa! Si umeona fulana ilivyolowa?"

"Nimeona. Na magoti?"

"Magoti yamefanyaje?"

"Hayana vumbi."

Akacheka, akanibusu shavuni.

"Bibi na wewe! Unapeleleza mpaka suruali? Kazi yangu kukimbia, siyo kubeba vyuma. Mimi mchukuzi?"

Jamani, hasira niliyopata! Nilisema Jumatatu, nikasema Ijumaa, nikasema mpaka ulimi ukaota sugu. Kama naongea na ndoo. Tena ndoo afadhali, ukiigonga inaitika!

Basi Jumatano ile, nikiwa naanika, nikamwona anashuka ngazi za chumba cha kubadilishia nguo. Ngazi ya tatu... akashika paja kwa nyuma. Akatazama huku na huku kama kuna aliyemwona. Akaendelea kushuka, anacheka na wenzake.

Mimi nilikuwa nyuma ya kamba ya nguo.

Nikachukua fulana ya Jumanne kutoka kikapuni, moja kwa moja kwa kocha.

Kocha akaruka kama kakalia sindano.

"Bibi, unajua unachosema? Huyu ndiye anayefunga! Wateuzi wanakuja kwa ajili yake!"

"Najua. Nepi zake nilifua mimi. Mazoezi hafanyi, anajimwagia maji, na sasa paja linamuuma!"

Zogo letu likawaleta wote mlangoni, mwalimu wa viungo mbele. "Bibi muongo!" Mshale akapiga kelele. "Karatasi ukutani ina vema zote! Muulizeni Kipa, ndiye ananishika visigino!"

Kipa ndiye golikipa wetu. Akainamia viatu vyake kama anavisoma.

Mwalimu wa viungo hakubishana na mtu. Akatandika mkeka palepale.

"Piga magoti. Kipa, mshike."

Mshale akashuka... wala nisiseme kushuka! Alidondoka kama furushi la nguo mbichi, puu!

"Mamaaa! Mguu!"

Kocha akainuka kitini.

Mwalimu akambonyeza paja taratibu.

"Msuli huu umeshaanza kuvutika. Angecheza Jumamosi ungechanika wote. Miezi mitano nje ya uwanja."

Kocha akachukua kalamu, akakata jina lake. Hapo ndipo aliponigeukia na lile neno la kuniua.

Jumamosi alikaa benchi na nguo za nyumbani. Tukafungwa mbili bila. Wateuzi wakaondoka na jina moja tu... la Kipa! Kafungwa mawili, kaokoa tisa. Ambaye alifanya mazoezi yake yote, na juu yake akabeba siri ya mwenziwe.

Tulipofika nyumbani nikashindwa kuvumilia.

"Wewe! Kujimwagia maji ukajifanya umetoka jasho! Ujanja huo umejifunza wapi? Nani kakufundisha?"

Akaenda jikoni anachechemea. Akabandua karatasi kwenye mlango wa friji, akaniwekea mapajani.

Karatasi yangu mimi...

Wasomaji wangu, kuna kitu sikuwaambia. Goti langu la kulia bovu. Hospitali walinipa mazoezi ya kuimarisha mapaja: kukaa na kusimama kwenye kiti mara kumi bila kushika kitu, kunyanyuka kwa vidole nimeshika meza. Kila siku, halafu niweke vema. Waliniambia nikizembea, ngazi zitanishinda, na kufua ndio basi.

"Soma, Bibi."

"Nisome nini? Si vema zote hizo?"

"Leo tarehe ngapi?"

"Kumi na nne."

"Umeweka vema mpaka tarehe ishirini na moja!"

Nikaigeuza ile karatasi upande wa pili, kama vema zitahama.

"Mama akipiga simu ya video unakimbilia bombani, unajirashia maji usoni, unaanza kuhema. 'Mwanangu, ndio natoka mazoezini!' Mimi ndiye ninayekushikia simu, Bibi. Halafu unauliza nimejifunza wapi?"

Jamani... mimi katika maisha yangu nilikosa jibu mara moja tu, siku marehemu mume wangu aliponiposa. Hii ikawa ya pili.

Sasa mwezi na nusu umepita. Mwalimu alimwanzisha mdogomdogo mpaka paja likapona. Kila asubuhi sebuleni anapiga magoti kwenye mkeka, mimi namkalia visigino. Huu unene hatimaye umepata ajira!

"Polepole, mke mwenzangu! Geti hilo, siyo furushi!"

"Na wewe kwenye kiti, Bibi! Bado nne! Toa mkono mezani!"

Nayachukia mazoezi haya, nisiwafiche. Hakuna asubuhi nimeamka nikayafurahia. Kiti kikiniona, nadhani kinanicheka.

Wateuzi watarudi baada ya wiki mbili. Hawajamwahidi kitu, na kila nikifikiria ile Jumamosi iliyopotea natamani kung'ata sabuni. Lakini juzi fulana yake ilifika kikapuni, nikanusa... jamani, beberu! Mgongoni mistari myeupe ya chumvi! Suruali magotini vumbi la buluu! Nikaikumbatia nikalia kama kichaa.

Funzo langu ni hili. Karatasi itapokea kila vema utakayoiwekea, haina ubishi. Paja halipokei. Goti ndio kabisa! Mazoezi ya nguvu hayana shangwe wala watazamaji, lakini siku mwili unapoitwa kwa kasi, ndiyo yanayojibu. Mwenye karatasi kwenye friji ajijue.

Nilitaka kuendelea, maana leo mke mwenzangu katoka mapema na mimi nimefanya mazoezi yangu peke yangu, mpaka gauni limelowa. Lakini naona amerudi. Amesimama nyuma yangu hapa. Anainama... ananusa kola yangu...

"Bibi. Haya ni maji."