Mjomba Alimwingiza Baba Kwenye Oveni

Nilimfumania mjomba wangu, ndugu wa damu wa mama yangu, akimwingiza baba yangu kwenye oveni.

Saa nne asubuhi. Mlango wazi. Bila hata chembe ya aibu!

Alikuwa ameinama, simu ameibana kati ya sikio na bega, anaongea kama mtu aliyeyapanga mambo yake siku nyingi.

"Ndiyo, Mzee Waya... Shemeji ameshaingia. Saa nane zinamtosha... Hapana, dada hajui. Asijue kwanza."

Kisha akafunga kimlango cha oveni. Taratibu. Kwa upendo kabisa.

Ndugu zangu wasomaji, nilishika ukuta.

Kabla hamjapiga simu polisi, naomba nieleze.

Baba yangu alifariki nikiwa na miezi saba. Mimi ni kitinda mimba, nilikuja wakati wazee wameshagawa nguo za watoto. Kwa hiyo simkumbuki. Nina picha zake tatu, na katika zote tatu amefunga mdomo.

Lakini zamani, kabla sijafikiriwa, baba alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya roki iitwayo Radi Kavu. Mjomba alipiga ngoma. Kanda zao za nyimbo zipo, nimezisikiliza mpaka zimenichoka. Tatizo ni kwamba baba hakuimba. Gitaa lake linaongea weee, mwenyewe kimya!

Sijawahi kusikia sauti yake. Hata kikohozi.

Mara moja tu alishika maikrofoni mbele ya watu: siku Radi Kavu walipopiga moja kwa moja kwenye televisheni. Baba ndiye aliyewatambulisha wenzake. Na onyesho hilo lilipotea, kwa sababu enzi hizo mikanda ilikuwa ghali, kituo kilikuwa kikirekodi leo na kufuta kesho.

Isipokuwa mkanda mmoja.

Mzee Waya, fundi mitambo mstaafu wa kituo, aliupenda wimbo waliopiga siku ile. Akaubandika mkanda karatasi iliyoandikwa: HOTUBA YA MKURUGENZI. USIFUTE.

Nani angethubutu? Mkanda ukakaa stoo miaka yote, ukiheshimiwa na kila mtu bila kuguswa na yeyote. Huyo mzee namvulia kofia mpaka leo.

Mwezi uliopita ukafika kwa mjomba, ambaye kazi yake ndiyo hiyo: kufufua mikanda ya zamani.

Na sasa mkanda huo... ulikuwa ndani ya oveni!

"Mjomba, unafanya nini?"

Akashtuka. "Wewe! Si nilikutuma ukafagie uani?"

"Nimemaliza."

"Umefagia au umetembeza fagio?"

"Mjomba, umeweka nini humo?"

"Usiguse," akasema, akichukua funguo. "Naenda kununua spiriti ya kusafishia mashine. Usifungue, usiguse, usipumulie. Umenisikia, Kengele?"

Kengele ndilo jina langu la shule. Nalo lina historia.

Wiki moja kabla, katika shule yetu ya bweni, spika zote zilinguruma wakati wa kipindi cha kwanza, na sauti ya mwalimu mkuu ikatangaza kwa huzuni kwamba hisabati imefutwa mpaka itakapopata akili.

Mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa bafuni.

Sauti ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeirekodi kwenye kaseti kuukuu niliyoichukua kwenye droo ya chini ya mama, ndani ya soksi ya kijani, maana chumba cha kengele kina redio-kaseti ya tangu enzi za mababu, iliyounganishwa na spika za shule. Mwalimu mkuu alifika na taulo, akachomoa waya kabla kaseti haijafika mbali.

Nikapewa wiki mbili za kutafakari nyumbani, barua ya kumpa mzazi, na ile kaseti kama kielelezo.

Barua nilimpa mama. Kielelezo nilikisahau ndani ya begi. Kwa makusudi.

Mama, ambaye ni muuguzi na hana muda wa kulinda mhalifu mchana kutwa, akanipeleka kwa kaka yake. "Mpe kazi mpaka asahau jina lake."

Basi mjomba akaondoka. Nikabaki mimi na oveni.

Nikakaa. Nikasimama. Nikahesabu mikanda kwenye rafu. Nikafagia tena uani, safari hii kweli. Nikarudi. Nikagusa mlango wa oveni kwa kidole kimoja... Wa moto!

Kichwani mwangu mambo yakajipanga yenyewe. Dada asijue. Asijue nini? Kwa nini mtu achome mkanda wa pekee duniani? Si kuna kitu ndani yake anachokificha? Labda mjomba na baba waligombana. Labda baba alimtukana mbele ya nchi nzima!

Saa sita juu ya alama, uzalendo ukanishinda.

Nikafungua. Nikamtoa baba kwa taulo.

Nikajiambia, potelea mbali, kabla hajaurudisha motoni nitausikiliza. Nikaubeba mpaka kwenye ile mashine kubwa kama friji iliyolazwa. Nilikuwa nimemwona mjomba akipitisha mkanda mara nyingi. Huku, kule, chini ya hiki, juu ya kile. Rahisi.

Nikabonyeza.

Kwenye skrini ikatokea theluji. Kisha mistari. Kisha... kivuli cha mtu mwenye nywele nyingi, anasogea kwenye maikrofoni, anafungua mdomo...

KWIIIIII!

Mashine ilipiga yowe kama nguruwe anayefinywa. Mkanda ukanata. Ukaacha unga wa kahawia kwenye vyuma. Nikauvuta kwa vidole, ukajikunja. Nikauvuta tena...

"TOA MKONO!"

Mjomba mlangoni. Chupa ya spiriti mkononi.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alizima mashine, akapiga magoti, akaanza kuutoa mkanda sentimita kwa sentimita.

"Ulikuwa unamchoma baba yangu!" nikapiga kelele.

"Nilikuwa ninamwoka."

"Tofauti ni ipi?"

"Mkanda wa zamani hunyonya unyevu, mwanangu," akasema bila kuniangalia. "Gundi yake inalainika. Ukiucheza hivyo, unanata na kubanduka, picha na sauti vinatoka kama unga. Kwa hiyo unaukausha kwanza. Joto dogo. Saa nane. Wewe umempa mbili."

Nikaangalia oveni. Kweli, kulikuwa na kipimajoto kimechomekwa pembeni. Hata yai lisingeiva humo.

"Na kwa nini mama asijue?"

"Kwa sababu kesho kutwa ni kumbukumbu ya ndoa yao. Nilitaka kumshtukiza."

Jamani... mmewahi kutamani sakafu iwameze, mkaona hata sakafu inawakataa?

Mjomba akaurudisha mkanda kwenye oveni ukapate saa zake nane kamili. Kesho yake akauchezesha, mimi nikiwa nimekalia mikono yangu miwili. Ni amri yake. "Ikalie. Yote."

Picha ikatoka. Safi!

Baba alikuwa hai. Mwembamba, suruali pana, gitaa limening'inia kama mtoto mgongoni. Akasogea kwenye maikrofoni. Akatabasamu. Akaongea. Akaendelea kuongea kama dakika nzima. Nyuma yake kijana mpiga ngoma, mjomba mwenyewe na nywele zake ambazo sasa ni marehemu, ghafla akageuka, macho yakamtoka, fimbo moja ya ngoma ikamdondoka!

Hadhira ikacheka. Tuliona meno yao.

Kimya. Hakuna sauti hata chembe. Kisha mlio wa kwanza wa gitaa ukalipuka na sauti ikarudi yote, nzima kabisa.

"Sauti inapita ukingoni mwa mkanda," akasema mjomba polepole. "Pale ulipokunja."

Dakika moja tu. Dakika ile ile.

"Alisema nini, mjomba?"

"Siku ile nilishtuka sana. Nakumbuka fimbo ilivyodondoka, nakumbuka watu walivyocheka. Maneno yenyewe... nilikuwa nautegemea mkanda unikumbushe."

Siku ya kumbukumbu mama akaja, bado na sare za kazini. Akaketi. Akaangalia. Baba aliposogea kwenye maikrofoni mama akaweka mkono mdomoni.

"Mbona hana sauti?"

Nikafungua mdomo. Mjomba akaniwahi.

"Mimi, dada. Niliuharibu kidogo nilipokuwa naukausha. Nisamehe."

Wasomaji, mtu niliyemwita muuaji alikuwa ananibebea msalaba bila hata kunitazama.

Lakini mama akacheka! Akafuta machozi na kucheka.

"Hilo tu? Sauti ninayo mimi."

"Unayo wapi?"

"Siku ile niliweka redio-kaseti mbele ya televisheni nikarekodi. Alikuwa ameniambia, wewe rekodi tu, utaona. Tangu alipofariki sijathubutu kuisikiliza. Lakini naijua ilipo. Droo ya chini, ndani ya..."

"...soksi ya kijani," nikamalizia.

Mama akageuka. "Umejuaje?"

Kuna watu husema ukweli huweka huru. Mimi uliniweka katikati ya chumba, nikiwasimulia mama na mjomba habari za kaseti, mwalimu mkuu na taulo. Nikasema na habari ya mkanda pia. Yote.

"Umerekodi juu yake?" mama akauliza. Sauti ndogo sana.

"Mwanzoni tu, mama. Kama dakika moja."

"Mwanzoni ndipo alipoongea."

Nilikimbia kulifuata begi. Jamani, nilimwita mjomba mchomaji! Kumbe kiberiti nilikuwa nacho mimi, mara mbili, mikono yote miwili.

Mjomba akaisafisha kaseti, akaiweka. Akabonyeza.

Kelele ya chinichini. Kisha sauti nzito ya mtu mzima:

"Wanafunzi wote. Huyu ni mwalimu mkuu. Ninayo masikitiko kuwatangazia kwamba hisabati imefutwa mpaka itakapopata akili. Walioguswa na msiba huu wabaki mabwenini. Uji utakuwepo. Mwenye swali amwone mwalimu wa zamu, ambaye..."

KRRK!

"...ni shemeji yangu. Ndiyo, huyo huyo anayepiga ngoma! Nitamwoa dada yake. Yeye mwenyewe alikuwa hajui, anasikia sasa hivi pamoja na ninyi. Mtazameni!"

Kishindo cha kicheko. Kitu kikadondoka sakafuni, tik! Fimbo ya ngoma.

Kisha gitaa.

Mjomba aliyekuwa analia akaanza kucheka. "Mshenzi yule! Hakuniletea hata posa! Nchi nzima ilijua kabla yangu!"

Maneno machache tu. Lakini nilikuwa nimemsikia baba yangu.

Mama alikuwa amefumba macho.

"Rudisha," akasema.

Mjomba akarudisha. "Ni shemeji yangu. Ndiyo, huyo huyo..."

"Hapana. Rudisha zaidi. Pale mwanzo, alipoanza kuongea."

Mjomba akanitazama. Mimi nikaitazama sakafu.

"Dada... pale mwanzo si yeye."

"Sauti ile inayosema habari ya uji? Si yake?"

"Ni ya huyu."

Mama akafumbua macho. Akaniangalia kama mtu anayesoma namba za dawa kwenye chupa ndogo.

"Sema tena," akaniambia.

"Niseme nini, mama?"

"Lolote."

"Uji utakuwepo," nikasema.

Akanivuta, akanikumbatia mpaka beji ya kazini ikanichoma shingoni. Kisha akanizaba kibao kimoja cha mgongo, cha haki kabisa, kwa ajili ya soksi ya kijani.

Mjomba akaunganisha sauti ya kaseti na picha ya mkanda. Siku nzima alikuwa anasogeza nyuma, anasogeza mbele, mpaka mdomo wa baba na maneno yake vikakutana. Mimi nilimsaidia, kwa ruhusa ya kutumia kidole kimoja. Fimbo ikadondoka na mlio wake ukadondoka nayo.

Mwishoni mjomba akataka kuikata ile sehemu yangu.

"Hapa naacha kimya tu, dada. Huu upuuzi nautoa."

"Acha," akasema mama.

"Dada! Baba mtu anafungua mdomo halafu anatangaza uji?"

"Yeye mwenyewe angeutangaza. Acha hivyo hivyo."

"Na kile alichokisema kweli hapo mwanzo, mama?" nikauliza. "Unakikumbuka?"

"Neno kwa neno."

"Kilikuwa nini?"

Akatabasamu lile tabasamu la kwenye zile picha tatu, mdomo umefungwa.

"Ungesikiliza kabla ya kurekodi, ungejua."

Hilo ndilo funzo langu, na nimelilipia. Mjomba nilimsikia nusu simu, nikamhukumu kifungo cha maisha. Kaseti sikuisikiliza hata nukta moja, nikaifuta. Ndugu yangu, kabla hujabonyeza kile kitufe chekundu cha kurekodi, iwe cha redio au cha mdomo wako, cheza kwanza usikie kilichomo.

Jumatatu narudi shule. Mama amenifungia begi mwenyewe, na kaseti ameibakiza kwake, kwenye soksi mpya. Juu ya kaseti amebandika karatasi kwa mwandiko wake wa hospitalini.

HOTUBA YA MWALIMU MKUU. USIFUTE.